Jezi Tisa na Mkono wa Mama Habiba

Wachezaji wa Etwale, timu ya mtaani kule Katuba, waliogopa vitu viwili tu: timu ya Ruashi, na jezi ambayo haikupita mkononi mwa Mama Habiba. Kila Jumapili ya mechi walijipanga uani kwake, wanaume wazima wenye ndevu, naye akampa kila mmoja jezi yake kwa mikono miwili pamoja na neno lake. "Weye, kata kucha." "Weye, usitukane arbitre akipiga filimbi." Siku moja Chama alijichukulia yake kwenye kamba bila kungoja, na kabla ya mapumziko akavunjika mguu. Habiba alijua fika kwamba jamaa aliangukia shimo la uwanjani ambalo kila mtu pale huliruka tangu enzi za babu yake. Lakini hakuwakatalia imani yao. Ilimpunguzia kelele.

Alikuwa mjane mwenye cherehani, ulimi mwepesi na raha zake ndogo, na hakulilia zaidi. Alimlea Asumani, mtoto wa marehemu dada yake, tangu kijana huyo akiwa na miaka minne. Asumani ndiye aliyevaa jezi namba tisa, na magoli yake yalimfanya Habiba atembee sokoni kidevu juu.

Kisha Plamedie, binti auzaye mikate ya kukaanga pembeni mwa uwanja, akaenda polisi na mkono uliofungwa plasta. Alisema Asumani ndiye aliyemvunja. Asumani akakana. Mechi na Ruashi ilikuwa imebaki siku nne.

Komite ilikutana barazani kwa rais wa timu, Symphorien, mtu mwema ila mpenda vikombe vya ushindi. Yeye alitaka wamwendee Plamedie aondoe mashtaka, Asumani acheze. Wengine walitaka Asumani afukuzwe siku hiyohiyo, hata picha yake ing'olewe ukutani.

Habiba, aliyeitwa kama mtunza jezi, alisikiliza mpaka wakachoka.

"Bwana yangu Djafari mulimufukuza vile vile," alisema. "Mulisema aliiba filet, zile nyavu za magoli. Kisha miezi mbili filet zikaonekana mu dari ya nyumba ya masomo. Nani alikuya kumuita? Mpaka anakufa alikuwa anasikiaka makelele ya mechi, anafunga dirisha."

Wazee wawili walitazama viatu vyao.

"Kumufukuza, hapana. Kucheza, hapana, mpaka tribinali iseme. Na muntu asiende kwa ule binti kumusumbua. Siye hatuko bajuge ba kuhukumu."

"Mama, ule ni mutoto yako!" Symphorien alishangaa.

"Njo maana inaniuma," alisema Habiba.

Waliachana bila kukubaliana. Jumapili ilipofika, Asumani naye alijipanga uani, wa mwisho, Symphorien akiwa nyuma yake. Habiba aligawa zote, akafunga sanduku.

"Leo hapana, mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu hakumzaa lakini alimuuma vivyo hivyo. Symphorien, kwa hasira, alifungua sanduku mwenyewe, akaitoa tisa na kumnyooshea Asumani. "Vaa, twende!"

Asumani aliitazama ile jezi. Akamtazama Chama, ambaye hata leo anachechemea kidogo. Akarudisha mkono nyuma.

"Ile haikupita mu mukono ya Mama, Prezida. Miye siivae."

Symphorien alibaki ameishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe. Mmoja akacheka, wakacheka wote, hata Habiba huku anafuta macho. Etwale walitoka sare na Ruashi, bao moja kwa moja, na hakuna aliyekufa.

Jumatatu Habiba alifua jezi kama kawaida. Asumani alitoka ndani akaiona tisa katikati ya nyingine kwenye kamba, inatiririka maji.

"Mama, nani aliivaa?"

"Hakuna."

"Sasa unaifulia nini?"

"Sababu sitaki ikuwe na vumbi. Kama hauna kosa, utaikuta safi."

Asumani alikaa kwenye ngazi. Alikaa muda mrefu, mpaka maji yakaacha kudondoka.

"Mama, usinifulie tena," alisema. "Nilimusukuma. Alianguka juu ya mukono. Niliogopa kusema."

Habiba alitaka kumpiga, akataka kumkumbatia, mwisho akakaa tu karibu naye. Huzuni ilimjaa, hakuificha. Lakini chini ya huzuni palikuwa na utulivu ambao Djafari hakuupata: safari hii hakuna aliyesukumiwa neno lisilo lake, na kweli ilikuja na miguu yake.

"Nitaenda kuisema kwa juge," alisema Asumani. "Na kwa Plamedie, kama atakubali kunisikia."

"Kula kwanza."

Alikula, akanawa, akaondoka. Habiba alimfunikia Asumani sahani ya jioni kama kila siku, kisha akaenda kuianua tisa, akaikunja kwa mikono miwili na kuirudisha sandukuni.