Mimba ya Khandsuren

Miaka sita tangu amzike mwanawe wa kwanza, Khandsuren alikuwa hajashika mimba tena. Basi mwezi ule siku zake zilipopita kimya, mama mkwe wake, Dulmaa, alianza kumpokonya ndoo.

"Weka chini! Unataka kumwaga mjukuu wangu?"

"Mama, hata sijapima."

"Mimi nimezaa saba. Nipime nini?"

Gonchig, mumewe, alicheka peke yake akikoroga chai ya maziwa na chumvi. Theluji ilikuwa imefunga bonde lote na mbuzi walikuwa wakifa, lakini ndani ya hema lao kulikuwa na furaha.

Kisha Khandsuren akaona damu kidogo, nyeusi kama maji ya majani ya chai. Tumbo likamchoma upande wa kushoto, chini. Dulmaa akapasha chumvi moto, akaifunga kwenye kitambaa, akamwekea tumboni.

"Mimba changa hutishia kutoka, mwanangu. Lala tu, itatulia."

Alilala. Asubuhi ya tatu maumivu yakaja kama kitu kilichopasuka, akajikunja kando ya jiko. Baada ya muda bega likaanza kumuuma vibaya, kila akivuta pumzi.

"Nilimbeba ndama wiki iliyopita," alisema. "Labda nimejitegua."

Alipoinuka aende nje, akaanguka. Midomo ilikuwa imepauka, jasho baridi likimtoka. Damu chini ilikuwa matone tu, ndiyo maana hawakuelewa. Damu ilikuwa inamwagikia tumboni, mahali pasipoonekana.

Gonchig alimviringisha kwa ngozi za kondoo, akampakia kwenye gari. Kwa kawaida ulikuwa mwendo wa saa mbili hadi kituo cha afya. Kabla ya kufika nusu ya njia gari likazama kwenye theluji. Akachimba kwa sepetu, akachimba kwa mikono, akilia bila kujua kwamba analia.

"Khandaa! Nitukane! Sema neno lolote!"

"Kiu," alisema. Kisha, "Mtoto yupo bado?"

"Yupo," Gonchig akajibu. Angejibu nini?

Walipofika kituoni hatimaye, Daktari Urtnasan alimshika Khandsuren mkono, akatazama macho yake, akabonyeza tumbo lililokuwa gumu kama ubao. Hakupoteza muda.

"Mimba imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Nampasua sasa hivi. Wewe damu yako kundi gani?"

"Mtoto, je?"

"Kaka, nataka kumwokoa mkeo. Kunja mkono wa shati."

Alipoamka, Khandsuren aliuliza swali moja: mtoto asingeweza kuhamishiwa kwenye kizazi?

"Hakuna anayeweza kuihamisha mimba," daktari alisema, ameketi kitandani kwake. "Yai husafiri kwenye mrija hadi kwenye kizazi. Wako una makovu, likakwama njiani likaanza kukua hapo hapo. Mrija ni mwembamba, hauwezi kulea mtoto. Uliwahi kuugua tumbo na homa, ukatokwa na uchafu?"

Aliwahi, baada ya kumzaa mtoto wake wa kwanza, aliyefariki. Alimeza vidonge siku mbili, homa ikashuka, akarudi kwa mifugo.

"Kwa hiyo si yule ndama niliyembeba?"

"Si ndama, wala kupanda farasi. Wengine mimba kama hii huwapata hata bila ugonjwa wowote. Lile bega liliuma kwa sababu damu ya tumboni ilipanda hadi chini ya mbavu, ikagusa msuli wa kupumulia. Ungekuja damu ya kwanza ilipotoka, labda dawa tu ingetosha."

"Na mrija wa upande wa pili?"

"Nao una makovu. Siwezi kukuahidi. Ila siku ukikosa damu yako, usingoje maumivu. Njoo siku hiyo hiyo tuangalie mimba imekaa wapi. Inaweza kujirudia."

Daktari alipotoka, Dulmaa aliingia na chupa ya chai. Alikuwa amepanda farasi wa jirani kuja, uso umeungua kwa baridi.

"Ile chumvi, mwanangu," alianza, "mimi nilidhani..."

Khandsuren aligeukia ukutani. Hakuwa na hasira naye, hakuwa na kitu chochote ndani. Nje Gonchig aliwasha gari kurudi kwa mbuzi waliobaki, na Khandsuren akavuta blanketi hadi kichwani, akalia kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa hata alipozika mwanawe.