Picha Iliyoanikwa Barazani

Mwaka ule wa 1996, mwenye duka au kinyozi wa Mpanda aliyetaka jina lake lisomeke toka barabarani alimfuata Leticia kule Misunkumilo, akamkuta na kanga iliyopakaa rangi zote za dunia. Vibao vilimpa kula. Kazi ya moyo wake ilikuwa chumbani: kitambaa cha marudufu kilichowambwa kwenye mbao, na juu yake amejichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta, akijitazama kwenye kioo. Pembeni yake aliacha nafasi ya baba.

Baba yake, mzee Telesphor, mrina asali wa Ugalla, alikataa katakata.

"Picha kubwa ya nini, mama? Picha kubwa ni ya marehemu. Subiri nife."

Wala hakuwa anatania. Mtaani kwao sura ya mtu ilitolewa nje kwa ukubwa ule siku moja tu, ikawekwa kwenye kiti karibu na mlango, watu wakalia.

Mwezi wa Mei mzee akafunga madebe kwenye baiskeli, akaenda porini kurina. Alisema wiki mbili. Leticia, kwa ukaidi aliourithi kwa huyo huyo, akaanza kumchora kwenye ile nafasi kwa kukumbuka. Pua ilikuja yenyewe. Macho yalimsumbua, akayafuta mara tatu. Alipomaliza, wiki ya nne ilikuwa imeanza na baba hajarudi.

Alikatazwa, akachora, na sasa mzee haonekani. Kila alipoitazama ile picha alijiuliza kama amemchora baba yake au amemzika.

Rangi ya mafuta nayo haina haraka, chumbani ilikataa kukauka. Asubuhi moja akaitoa barazani ipigwe na jua, akaiegemeza kwenye kiti, akaenda sokoni kutafuta mafuta ya taa ya kuoshea brashi.

Aliporudi alisikia kilio tangu kwenye kona. Nyumba yake imejaa watu. Wanawake wamekuja na unga na kuni, wanaume wanapanga mabenchi, na jirani yake Bernadetha yuko chini, kanga kiunoni, anamlilia mzee Telesphor kwa jina.

Alijua habari imeshafika toka porini.

"Nani kawaletea taarifa?" aliuliza.

"Taarifa gani tena, Leti? Si umemtoa mwenyewe nje, ukamweka kwenye kiti! Nimekuona pale umesimama na picha yake, uso umekukauka, nikajua. Mbona hukutuambia sisi majirani zako?"

Hapo ilikuwa acheke. Hakuweza. Mtu wa wiki mbili yuko wiki ya nne, nani wa kuapa kwamba Bernadetha amekosea? Akakaa chini, akalia nao, akalia kuliko wote.

Jua lilikuwa la saa saba baiskeli ilipoingia uani, inasukumwa, uma wa mbele umekatika na kufungwa kwa kamba ya gome. Aliyeisukuma alikuwa amekonda na ananuka moshi na asali.

"Hodi humu. Jamani, amekufa nani?"

Bernadetha aliacha kulia, akainuka. Leticia alimrukia baba yake na kumshika kwa mikono miwili, akicheka na makamasi yakimtoka, na moyo wake ukashuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu Mei.

"Baba, nisamehe. Nimekuchora."

Mzee alikwenda mpaka barazani. Akaitazama picha. Kisha akaiinua taratibu, akaiegemeza ukutani, akakaa yeye kwenye kile kiti.

"Haya, msiba wangu mmeshaulia, sina tena cha kuogopa. Kalete brashi," alisema. "Mbona umeniweka mbali hivyo na wewe, mama? Nisogeze."