Nani Amechomoa Seva?

Mnicheke tu. Juzi, kwa ofisi ya chama chetu cha wafugaji hapa Migwani, nilitakiwa kuunganisha seva yetu, ile kompyuta ya kuhifadhi rekodi, na cloud, yaani hifadhi ya mtandaoni. Asubuhi nzima nilikagua kila kitu: programu, mtandao, hata stima. Nikatangaza, "Mtu asiguse hii seva!"

Kabla sijabonyeza, Mama Mwende, mwenyekiti wetu, akasema tuombe kwanza. Mimi mwenyewe nikamchomekea pasta tuliyemwalika spika ya maikrofoni yake. Tukafumba macho, pasta akaomba, tukaitikia amina, nikabonyeza. Skrini nyeusi tititi.

Nikanyakua maikrofoni nikafoka, "Nani amechomoa seva?"

Mama Mwende akafuata waya kwa macho, kutoka mkononi mwangu hadi kwa spika, kutoka kwa spika hadi soketi ya stima iliyokuwa ya seva.

"Endelea tu, mwanangu," akasema. "Tunakusikia vizuri sana."