Mashimo Saba ya Ming'oko

Sogeza kigoda hapa unisikilize, nikueleze nilivyojifunza kuchimba ming'oko, usije ukakosea nilipokosea mimi.

Ming'oko ni mizizi myembamba ya mmea wa porini unaotambaa juu ya vichaka. Niliionja mara ya kwanza mjini, mtaa wa Chikongola, imechemshwa na kupangwa mafungu kwenye sinia, chumvi na pilipili pembeni. Unamenya kwa vidole, unakula. Nilimuuliza mwenyeji wangu, mwalimu mwenzangu, inalimwa wapi. Akacheka: hailimwi. Nikitaka kujua zaidi, niende kwa mama yake kijijini, njia ya Kilambo.

Mama huyo alikuwa mtu mzima, goti moja linamsumbua. Asubuhi alinipeleka kwenye kichaka nyuma ya mikorosho yake. Njiani alinionyesha sehemu zilizokuwa na ming'oko zamani, ambazo sasa zote zimefyekwa zikawa mashamba. Kilichobaki karibu ni kichaka hicho kimoja. Kingine kiko mbali, na goti halimfikishi. Miezi ambayo mihogo haijakomaa, chungu chake hutegemea hapo.

Akanielekeza: fuata shina mpaka linapoingia ardhini, chimba pembeni, usiharakishe. Kisha akaenda kuchimba upande wa pili.

Nilichimba kwa bidii. Kila nilipofika kwenye mizizi, nilivuta shina lote, nikalitupa juani ili nione shimo vizuri. Kikapu kilianza kujaa, nami nikafurahi.

Jirani yake alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. Akasimama, akatazama mashina niliyotupa.

"Shoga, njoo umwone mgeni wako," aliita. "Sijui anachimba, sijui anapalilia."

Mama akaja. Hakunigombeza. Aliuliza tu nimeanza saa ngapi, akaketi, akanyoosha mguu, akaokota shina moja. Mwishoni lilikuwa na fundo gumu.

"Hiki kichwa hakiliwi, mwanangu," alisema. "Ndicho kinachozaa. Ukitoa mizizi, kichwa unakirudisha."

Yalikuwa mashimo saba. Tuliyarudia moja moja, tukarudisha vichwa na kuvifukia, majani yakiwa yameanza kunyauka. Jirani alitua ndoo, akamimina maji kidogo katika kila shimo, huku akinikumbusha kwamba ndoo hiyo nitakwenda kuijaza mimi. Nilikwenda. Kisima hakikuwa karibu.

Nilimuuliza mama kama mashina yataota. Akasema hajui, mvua zikinyesha tutaona.

Mvua ziliponyesha nilirudi. Nilikuwa na hamu ya kuona, naye hakuningoja hata nikae. Tulikwenda moja kwa moja kichakani. Mashina matano yalikuwa yamepanda juu ya matawi. Penye mawili yaliyokufa alikuwa amechomeka vijiti.

"Hayo mawili nakudai wewe," alisema, akanipa jembe fupi.

Jirani alinipeleka kile kichaka cha mbali. Tulitembea asubuhi nzima, ndipo nikaelewa goti lile lingeteseka kiasi gani. Nilirudi na vichwa viwili vimefungwa kwenye majani mabichi, nikavipanda penye vijiti, mama akisimamia.

Basi ukichimba ming'oko, kata mizizi tu. Kichwa kirudishe shimoni palepale, kifukie, kisha shindilia udongo taratibu kwa mguu.