Nilivyompendekeza Mzee Kamugisha

Jamani, aibu hii nawasimulia kwa sababu ni nyinyi tu, maana hadi leo kuna akina mama pale Nyakakika nikiwasalimia wananyamaza kwanza.

Nilikuwa nimerudi jana yake usiku kutoka Nkwenda, nilikokaa wiki mbili nikiuza maharage (simu imeharibika, habari za nyumbani sina), na asubuhi wazazi tukaitwa shuleni kuchagua mwenyekiti wa kamati na makamu wake. Ukungu ulikuwa umefunika migomba yote. Njiani nikakutana na mzee Kamugisha, nikamwamkia shikamoo, akaniinulia mkono tu, akapita, na hata vishindo vyake sikuvisikia.

Basi mwalimu mkuu alipoomba majina nikaona macho yananigeukia mimi, na uenyekiti siutaki (ugomvi wa michango ya uji nauweza wapi!), nikawahi kusimama: "Nampendekeza mzee Kamugisha!"

Watu wakatazamana. Nikadhani hawajasikia, nikapaza sauti. "Anakuja, nimemwamkia sasa hivi pale darajani!"

Mama mmoja akaanza kusali. Jirani yangu akanivuta shati. "Kaa chini wewe. Tumemzika Ijumaa."

Mjane wake, Mama Koku, alikuwa dawati la mbele. Akageuka taratibu. "Baba Neema, alivaa nini?"

"Koti la kaki," nikasema, "lina kiraka begani."

"Ndilo tulilomzika nalo."

Papo hapo mlango ukasukumwa, ukungu ukaingia, na sauti nzito ikasema, "Hodi humu ndani." Sikungoja kuona, niliruka dirishani, suruali ikachanika kwenye msumari hadi gotini, nikaangukia bustani ya mchicha mbele ya watoto wote. Kumbe ni mtendaji wa kijiji, kachelewa!

Nilikuwa bado naokota viatu Mama Koku akanifuata. Nilijua atanitukana, na ningestahili. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ule mguu wake mbovu, alikuwa anauburuta bado?"

Nikakumbuka vizuri, nywele zikanisimama. "Hapana, mama. Alitembea kama kijana."

Akafuta machozi, akasema "Webare," yaani asante, akarudi ndani kupiga kura. Mimi nikabaki nje nimeshikilia suruali, na hukohuko nje nikasikia makofi: nimechaguliwa makamu.

Simpendekezi mtu tena kabla sijapita kwake kwanza, nikamkuta, nikamshika mkono.