Bomba Lililotakiwa Kuvuja

Mjomba wangu Revelian ni fundi bomba wa Sinza, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kutulia mahali maji yanadondoka. Siku ya kipaimara changu aliacha pilau ikapoa, akaenda kukaza koki ya jirani asiyemjua.

Likizo hii alipata kazi Mbweni, kwa dada Herieth mwenye shule ya kupanda farasi. Nikang'ang'ania kumfuata, maana mie farasi nilimwonaga kwenye vitabu tu. Uwanja wake ni mchanga mtupu. Farasi akikimbia, wazazi wanakohoa. Ukimwagilia kwa juu, jua linakausha saa hiyo hiyo. Kwa hiyo dada Herieth akanunua mabomba ya kufukiwa, mchanga ulowe kuanzia chini.

"Jumamosi nina mashindano," alisema. "Vumbi likitimka, fundi, sikuiti tena."

Ijumaa asubuhi mjomba alikuwa ameshafukia yote. Dada Herieth akafungua koki. Tukasubiri. Mchanga mkavu kama unga.

"Fundi, maji yako wapi?"

"Yamo ndani ya bomba, dada. Salama kabisa."

"Na vile vitundu vya kwenye mabomba?"

"Afadhali umeuliza! Aliyekuuzia ni tapeli. Mabomba yote yametoboka. Nimeviziba kimoja kimoja, mia nne na ushee, na tepu nimenunua mwenyewe."

Dada Herieth akakaa chini, pale pale mchangani. "Fundi, vitundu ndivyo nilivyonunua."

Mjomba alimtazama kama katukaniwa mama. "Unataka mie nivujishe?"

"Vujisha!"

"Miaka ishirini na mbili kazini, dada…"

"Kesho mashindano, fundi!"

Akanigeukia. "Koku, chana karatasi. Andika: Mimi Herieth, nikiwa na akili timamu, nimeagiza bomba livuje."

Nikaandika. Dada Herieth akasaini akiwa ameiegemeza kwenye tandiko la farasi, huku akicheka mpaka machozi. Ndipo mjomba akashika koleo. Tulifukua na kubandua tepu mpaka alasiri.

Koki ilipofunguliwa tena, mchanga ulianza kubadilika rangi taratibu, kama biskuti iliyogusa chai. Mjomba alikuwa amegeukia ukuta.

"Yanavuja?"

"Yanavuja, mjomba. Kila mahali!"

"Basi, usinielezee."

Jumamosi farasi walizunguka, na vumbi hakuna hata chembe. Dada Herieth akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba fundi asimame aonekane. Watu wakapiga makofi. Mjomba akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

"Mjomba, wanakushangilia wewe!"

"Wanamshangilia farasi," akasema. "Kaa kimya."