Ufagio Juu ya Paa Bapa

Gerhold Wenzlaff alikuwa fundi wa mapaa kwa miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumnyenyekea mtu yeyote juu ya jengo. Akiwa chini alikuwa mpole mno, hata kofia alichaguliwa na mkewe. Akipanda juu, huyo alikuwa mtu mwingine kabisa.

Ujana wake aliumalizia barabarani kama mafundi wote wa kwao: miaka mitatu na siku moja ya kutembea mji hadi mji na suti nyeusi, hereni sikioni, marufuku kukanyaga nyumbani. Alirudi kwao Magdeburg, Ujerumani, akijua kuunganisha boriti bila msumari, na akijua pia kwamba nyumba haijawa nyumba mpaka shada la misonobari lifungwe juu yake, fundi asimame hapo, awataje waliojenga mmoja mmoja, anywe glasi moja na kuivunja. Kwenye kikosi chake, aliyekufa kazini alitajwa mwisho. Gerhold hakuwahi kuruka jina.

Mwaka 1927 chama cha nyumba kilianza kujenga mtaa mpya: kuta nyeupe, madirisha mapana, mapaa bapa kama meza. Gerhold na wenzake kumi na mmoja wakabaki kupiga mbao za kumwagia zege. Hakulalamika, kwake mbao ni mbao. Lakini mwezi Machi Ludwig Pahl, aliyefanya naye kazi miaka kumi na minane, aliteleza kwenye jukwaa lenye barafu, akafa palepale.

Septemba, zege la nyumba ya mwisho lilipokauka, Gerhold alikwenda kwa msanifu, Dakta Ahlers, kuuliza sherehe ya paa ni lini.

"Paa lipi?" Ahlers alicheka. "Boriti ya juu iko wapi hapa? Mashada ni mambo ya babu zako, Wenzlaff. Sisi tunajenga zama mpya."

"Pahl amekufa kwenye hizo zama mpya, Bwana Msanifu. Jina lake litatajwa wapi?"

"Limo kwenye ripoti."

Gerhold alitoka bila kuaga. Ripoti! Mtu aliyemegeana naye mkate na soseji miaka kumi na minane, leo awe mstari kwenye faili la mtu asiyejua hata alivyokuwa akicheka.

Huko kwao, mwenye jengo akiwanyima mafundi sherehe, hapandishiwi shada. Hupandishiwa ufagio, ili kila apitaye barabarani ajue hapa pana bahili. Asubuhi iliyofuata ufagio ulikuwa umesimama juu ya paa jeupe, umepigiliwa kwenye nguzo ya mbao, unaonekana tangu kituo cha tramu. Na saa nane mchana watu wa gazeti la usanifu walikuwa wanakuja kupiga picha.

"Utoeni," Ahlers aliwaamuru mafundi.

"Mimi naogopa kwenda juu, bwana," alisema Ottomar, jitu lililotembea juu ya boriti tangu ujanani. Wenzake wakageuka pembeni kuficha vicheko.

Ahlers akawageukia watu wa zege.

"Ufagio ni mbao," mmoja wao alijibu. "Sisi mbao hatugusi."

"Wenzlaff! Kautoe sasa hivi, la sivyo huna kazi."

"Basi sina kazi," Gerhold alisema. Akatia glasi na kichupa cha pombe mfukoni, akapanda ngazi.

Ahlers alimfuata na viatu vyake vya ofisini. Huko juu aliukamata ufagio kwa mikono miwili, akauvuta mpaka shingo ikawa nyekundu. Haukutikisika.

"Ni misumari minane," Gerhold alimwambia, akimpa nyundo. "Ng'oa polepole, angalia vidole."

Yeye akasogea ukingoni. Chini mafundi walikuwa wameshavua kofia, na watu wa zege pia. Kwa desturi, wa kwanza kushukuriwa ni mwenye nyumba, kisha msanifu. Gerhold aliwaruka wote wawili. Alianza na Ottomar, akaendelea na wapiga mbao, wamwaga zege, wapakaji chokaa, mpaka mama mpishi wa supu ya dengu. Kila jina alilitamka taratibu, na kila aliyetajwa alinyoosha mgongo.

"Umefukuzwa," Ahlers alimnong'oneza nyuma yake, nyundo mkononi, msumari wa kwanza haujatoka.

"Nimeshafukuzwa huko chini, Bwana Msanifu. Vua kofia, namtaja marehemu."

Ahlers alitazama chini. Watu karibu mia walikuwa vichwa wazi, wote wanamtazama yeye. Akaivua.

"Ludwig Pahl," Gerhold alisema. Akarudia, kwa nguvu zaidi. "Ludwig Pahl, fundi wa mapaa. Nyumba hii ameijenga yeye."

Akanywa glasi yote, akaitupa, ikapasuka.